Saa Moja Katika Kumi: Safari za Eropleni Juu ya Ufipa

Leo twataka kuzungumza juu ya swali ambalo kila msafiri huliuliza kabla hajafunga mzigo wake, nalo ni hili: kutoka hapa hata huko kuna mwendo gani? Wazee wetu walilijibu kwa siku, wakasema, "Utalala njiani mara nne." Mwenye motokaa hulijibu kwa maili. Mwenye eropleni hulijibu kwa saa. Majibu hayo matatu hayafanani, na tofauti yake ndiyo habari yetu ya leo. Tutaitazama kwa kusimama mahali pamoja tu, yaani Sumbawanga katika nchi ya Ufipa, na kuangalia jinsi watu na vyombo vilivyopita hapo kwa muda wa miaka mia na hamsini.

Ufipa ni nchi iliyoinuka. Upande wa magharibi yatelemka mpaka Ziwa Tanganyika; upande wa mashariki, ng'ambo ya safu ya Lyamba lya Mfipa, yatelemka mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Sumbawanga penyewe pako juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya futi 6,000, yaani meta 1,800 hivi. Ukipima kwa mstari ulionyooka, kutoka Sumbawanga mpaka Dar es Salaam ni yapata kilometa 845, na kutoka Sumbawanga mpaka London ni yapata kilometa 7,270. Hesabu hizo hazikubadilika katika miaka hiyo yote. Milima haikusogea wala bahari haikupungua. Kilichobadilika ni muda, nao haukubadilika kwa watu wote sawasawa.

Tuanze na safari moja ya miguu. Mwanzoni mwa Mei 1873 Daktari David Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Wenzake wa safari, ambao wakubwa wao walikuwa Susi na Chuma, hawakukubali kumwacha huko. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga kama mzigo, wakauchukua mpaka pwani. Pamoja nao alikuwa Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika. Katika safari hiyo walipita nchi ya Ufipa. Mwaka uliotangulia walikuwa wamepita na bwana wao kandokando ya ziwa, wakateseka mno kwa kupanda na kushuka milima. Kwa hiyo safari hii waliiacha njia ya ziwani wakashika njia ya juu, iliyo mbali na pwani ya ziwa. Oktoba walikuwa Tabora, na Februari 1874 walifika Bagamoyo. Mazishi yalifanyika London tarehe 18 Aprili 1874.

Hesabuni, wanafunzi. Safari nzima ilichukua karibu mwaka mmoja. Katika muda huo, miezi tisa ilikwisha barani kwa miguu, na miezi miwili tu yatosha kwa bahari yote mpaka Ulaya. Bahari ilikuwa ndefu kuliko bara mara nyingi, lakini ilipitwa upesi, kwa sababu meli ilikuwa na makaa yake na bandari zake zilizotengenezwa tayari. Barani hapakuwa na kitu kilichotengenezwa. Palikuwa na miguu ya watu na maarifa yao ya njia.

Tuendelee na habari ya pili, iliyotokea karibu na mpaka wa Ufipa. Tarehe 11 Novemba 1918, saa tano ya asubuhi huko Ufaransa, mizinga ya Vita Kuu ya kwanza ilinyamaza. Kwa saa zetu za leo huo ni wakati wa saa nane mchana. Lakini katika Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, majeshi yalikuwa bado yakipigana karibu na Kasama siku ya pili yake, kwa kuwa hayakujua. Jenerali von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wadachi, alipata habari tarehe 13. Ndipo alipoleta watu wake mpaka Abercorn, wakaweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918. Mji huo wa Abercorn leo waitwa Mbala, nao uko kilometa 100 tu kusini ya Sumbawanga. Basi mtu wa Ufipa aweza kusema kweli kwamba vita iliyoanza Ulaya ilimalizikia mlangoni pake, tena ilimalizika ikiwa imechelewa majuma mawili. Mtu atakayeuliza umbali una madhara gani, na awafikirie askari na wachukuzi waliokuwa chini ya risasi siku ambayo wenzao wa Ulaya walikuwa wakishangilia amani.

Mwezi uliofuata, yaani Desemba 1918, Serikali ya Uingereza ilituma makundi ya wapimaji kuja Afrika, watafute mahali pa kutulia eropleni kutoka Misri mpaka Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa. Eropleni za siku zile hazikuweza kuruka mbali bila kutua kutia mafuta, kwa hiyo ilipasa viwanja vifuatane kama vituo vya msafara. Tabora palichaguliwa, na Abercorn palichaguliwa. Chukueni ramani na rula, mpige mstari kutoka Tabora hata Mbala. Mtaona kwamba mstari huo wapita karibu kabisa na Sumbawanga. Hivyo ndivyo Ufipa ulivyowekwa chini ya njia ya hewani, ingawa hakuna aliyewauliza wenyeji.

Kazi ya kutengeneza viwanja haikufanywa na eropleni. Ilifanywa kwa majembe, mashoka na vikapu. Miti ilikatwa, visiki vikang'olewa, vichuguu vikavunjwa. Huko Ndola peke yake watu 700 walifanya kazi tangu Aprili mpaka Agosti 1919, wakaondoa tani kama 25,000 za udongo wa vichuguu. Twawaomba mlikumbuke jambo hilo. Vitabu vingi vimehifadhi majina ya warushaji. Majina ya watu 700 hayamo. Walakini bila mikono yao hakuna gurudumu ambalo lingaligusa nchi salama.

Sasa twafika mwaka 1920, ambao eropleni za kwanza zilijaribu njia hiyo. Moja ililetwa na gazeti la The Times la London. Iliondoka Uingereza tarehe 24 Januari, ikafika Tabora, na tarehe 27 Februari ilipokuwa ikiruka kutoka hapo ikaanguka ikavunjika. Kwa bahati hakufa mtu, lakini safari yake iliishia hapo.

Nyingine ilirushwa na maofisa wawili wa Afrika Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand. Waliondoka Uingereza tarehe 4 Februari 1920 katika eropleni iliyoitwa Silver Queen. Hiyo ilivunjika katika nchi ya Wanubi, kabla ya kufika Khartoum. Wakapewa nyingine, wakaja nayo mpaka Ziwa Viktoria, wakavuka nchi yetu, wakatua Abercorn. Walipofika Bulawayo ilishindwa kupanda juu, ikaanguka nayo. Wakapewa ya tatu, na kwa hiyo wakafika Cape Town tarehe 20 Machi. Walikuwa watu wa kwanza kufika huko kutoka Uingereza kwa njia ya hewani.

Hapa ndipo twataka mshike kalamu. Tangu tarehe 4 Februari hata 20 Machi mwaka ule ni siku 45. Siku 45 ni saa 1,080. Lakini saa zote walizokuwa hewani hasa, zikijumlishwa, zilikuwa 109 na nusu. Gawanyeni, mtaona kwamba katika kila saa kumi za safari, saa moja tu walikuwa wakiruka. Saa tisa walikuwa chini. Walikuwa wakitengeneza mashine, wakingoja eropleni nyingine, wakitia mafuta, wakingoja mawingu yaondoke, wakilala kwa kuwa usiku hawakuweza kuona njia.

Basi twajifunza kwamba muda wa safari ya hewani haumo hewani. Umo chini. Mtu akisema, "Eropleni yaenda maili mia kwa saa," amesema kweli, lakini hajatuambia tutafika lini. Yatupasa tumwulize tena: Je, kiwanja kiko tayari? Mafuta yamekwisha kufika? Yuko fundi? Mvua zimeanza?

Kama mtu ana shaka juu ya maneno hayo, na aitazame safari ya Alan Cobham. Yeye alitoka London tarehe 16 Novemba 1925, akapita Kisumu, Tabora na Abercorn, akafika Cape Town tarehe 17 Februari 1926. Hizo ni siku 93. Kisha akageuka, akarudi kwa njia ile ile na eropleni ile ile. Aliondoka Cape Town tarehe 26 Februari, akafika London tarehe 13 Machi, yaani kwa siku 15. Eropleni haikuongezewa mabawa. Siku za kwenda alikuwa akiikagua njia, akisimama kutazama viwanja na kuzungumza na watu. Siku za kurudi kila kitu alikwisha kukijua, na mafuta yalikuwa yakimngoja. Siku 93 zikawa 15 kwa sababu ya matengenezo ya chini.

Na mtu wa Ufipa je? Kutoka Tabora mpaka Abercorn ni kama maili 280, na eropleni ya namna ile iliweza kuzimaliza kwa saa tatu hivi. Mchukuzi mwenye mzigo kichwani hutembea maili 12 au 15 kwa siku. Hata kama njia ingalinyooka kama rula, angalihitaji siku 20. Kwa hiyo mtu aliyesimama shambani kwake karibu na Sumbawanga aliweza kusikia ngurumo, akainua macho, akaona chombo kikipita, na kabla hajamaliza tuta lake chombo kimekwisha kutoweka. Kilikuwa karibu naye kwa futi elfu chache tu. Lakini kwake yeye London haikusogea hata hatua moja. Kama alitaka kwenda pwani, ilimpasa kushuka kwa miguu mpaka Kasanga ziwani, apande meli ya Liemba iliyoanza kazi mwaka 1927, afike Kigoma, kisha apande gari la moshi mpaka Dar es Salaam. Chombo kinachopita juu bila kutua hakimkaribishi mtu popote.

Miaka ikapita, na safari za kujaribu zikageuka kuwa kazi ya kila juma. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza kuchukua barua kutoka London mpaka Mwanza, na Januari 1932 njia ikaongezwa mpaka Cape Town. Abiria wakaanza kuchukuliwa mwezi wa Aprili mwaka huo. Safari nzima, ambayo ni kama maili 8,000, ilichukua siku 11 hivi. Tena msidhani kwamba abiria alikaa katika eropleni moja. Alitoka London kwa eropleni mpaka Paris. Akapanda gari la moshi mpaka Brindisi katika Italia. Akavuka bahari kwa eropleni ya kutua majini mpaka Misri. Akapanda gari la moshi tena mpaka Cairo. Akachukua eropleni nyingine mpaka Khartoum, na nyingine ya majini mpaka Kisumu. Ndipo akapanda ile ya kumpeleka kusini. Kila usiku alilala chini. Hata hivyo siku 45 zilikuwa zimepungua zikawa 11.

Lakini angalieni njia yenyewe. Kutoka Nairobi eropleni hizo zilitua Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika katika Rhodesia ya Kaskazini. Hazikupita tena Tabora na Abercorn. Viwanja vile vya 1919, vilivyogharimu jasho jingi, viliachwa kando, na Mbeya ndipo palipopata sifa. Kutoka Sumbawanga mpaka Mbeya ni kilometa 225 kwa mstari ulionyooka, nayo ardhi katikati si ya kupita upesi. Barua iliyoandikwa Ufipa ilikuwa na safari mbili, ya kwanza kutoka Ufipa kuifikia njia ya eropleni, na ya pili kwa eropleni.

Wala Mbeya nako hakukudumu. Mwaka 1937 kampuni ile ile ilianza kutumia eropleni kubwa za kutua majini kwa safari za kwenda Afrika Kusini, nazo zilishika njia ya pwani, zikitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na kuendelea mpaka Durban. Maji hayahitaji kung'olewa visiki, na pwani haina milima. Njia kuu ikahama kutoka bara ikaenda baharini. Basi katika muda wa miaka ishirini tu njia ya hewani ilipita kwanza juu ya Ufipa, kisha mashariki yake, kisha mbali kabisa. Ufipa ulikuwa pale pale. Mahali huwa karibu au mbali na dunia kwa kadiri ya chombo kinapotua, wala si kwa kadiri ya ramani peke yake.

Labda mtauliza, kwa nini eropleni zile zilisumbuka sana katika nchi zetu za juu? Sababu ni hewa. Eropleni huinuliwa na hewa inayopita mabawani. Kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari, hewa huwa nyepesi. Katika urefu kama wa Sumbawanga, hewa imepungua uzito karibu sehemu moja katika sita, na jua likiwaka hupungua zaidi. Kwa hiyo mashine hupoteza nguvu, na mabawa hupata kitu kichache cha kuegemea. Chombo huhitaji kukimbia mbali zaidi chini kabla hakijainuka. Ndiyo maana kiwanja cha nchi ya juu hutakiwa kuwa kirefu kuliko kiwanja cha pwani, na udongo uliolowa mvua, unaoshika magurudumu, ni adui mkubwa.

Sasa tuje katika siku zetu. Eropleni kubwa za leo hupita juu ya mawingu, zikienda kilometa 850 au 900 kwa saa, mchana na usiku. Kutoka Nairobi mpaka London ni yapata kilometa 6,800, na safari huchukua saa tisa hivi bila kutua popote. Mtu hula chakula cha jioni Afrika, akapambazukiwa Ulaya. Saa 109 na nusu za van Ryneveld na Brand zimekuwa jambo la usiku mmoja.

Lakini ile hesabu yetu ya saa moja katika kumi haijafa. Mwaka 2012 kiwanja kikubwa cha Songwe kilifunguliwa karibu na Mbeya, na kutoka hapo mpaka Dar es Salaam eropleni huenda kwa saa moja na nusu au zaidi kidogo. Msafiri wa Sumbawanga akitaka kuitumia njia hiyo, yampasa kwanza kusafiri kwa basi karibu kilometa 300 kupitia Tunduma. Barabara ya lami iliyofika Sumbawanga katika miaka ya 2010 imempunguzia taabu sana, kwani zamani mvua ziliweza kumfunga njiani siku nyingi. Hata hivyo saa zake nyingi bado zi chini, na chache zi hewani. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 2020, kazi ya kukitengeneza upya kiwanja cha Sumbawanga kwenyewe ilianza, kipate njia ndefu ya kurukia yenye lami. Eropleni ya mapanga iendayo kilometa 500 kwa saa yaweza kuzimaliza zile kilometa 845 za kwenda Dar es Salaam kwa saa mbili hivi, pamoja na kupanda na kushuka. Kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,100.

Mtu mmoja aweza kusema, "Mimi sina nauli ya eropleni; kiwanja chanifaa nini?" Swali hilo ni la haki, wala hatutalikwepa. Si wengi wapandao. Lakini mgonjwa asiyeweza kustahimili barabara ya siku nzima aweza kupanda, na dawa isiyotakiwa kukaa juani yaweza kushuka. Na habari za Novemba 1918 zatufundisha kwamba wanaoumizwa na umbali si wasafiri tu, bali hata wale wasioondoka nyumbani kwao.

Basi, ndugu zetu, mkiulizwa mwendo wa mahali, jibuni mambo matatu. La kwanza, umbali wake, ambao haubadiliki. La pili, mbio za chombo, ambazo zimeongezeka sana tangu zamani. La tatu, hali ya nchi chini ya chombo: barabara, kiwanja, mafuta, fundi na watu. Hilo la tatu ndilo linalokula muda, nalo ndilo lililo mikononi mwetu. Susi na Chuma walilijua walipoiacha njia ya ziwani wakashika njia ya juu ya Ufipa. Watu 700 wa Ndola walilifanya kwa majembe. Warushaji walipata sifa zao, nao walistahili. Lakini safari ilifupishwa kwanza na waliokuwa chini.